Mchagua Jembe Si Mkulima?

Wako mafundi wa motokaa wapendao kutaja mithali kila mwanagenzi anapolalamikia chombo alichopewa. "Mchagua jembe si mkulima," humwambia, naye hunyamaza, maana mithali ya wazee haijibiwi na mtoto. Mithali yenyewe ni njema. Ilitungwa kwa ajili ya mvivu, yule ambaye jua limekwisha panda naye angali akipima mipini. Walakini mithali njema ikitiwa mahali pasipo pake huwa kama dawa ya macho iliyotiwa sikioni: haiponyi, na pengine hudhuru. Katika karakana za umeme wa motokaa imetiwa mahali pasipo pake siku nyingi, na madhara yake twayaona barabarani.

Neno ninalotaka kulishindania ni hili. Mtu aungaye nyaya nene za motokaa hana budi kukichagua chuma chake cha kulehemia, ambacho wengine hukiita pasi ya kulehemu, kabla hajaanza kazi; naye akichague kwanza kwa uzito wa shaba iliyo kichwani mwake, wala si kwa tarakimu iliyoandikwa juu ya sanduku, wala si kwa wepesi wa bei. Asiyechagua hivyo haitwi mvumilivu. Huyo aharibu mali ya watu polepole, na siku nyingine ahatirisha roho zao.

Najua kwamba neno hili litawaudhi wengine waliofanya kazi miaka mingi kwa chuma kimoja chembamba kama kalamu. Siwadharau. Nawaomba tu wanisikilize mpaka mwisho, kisha wahukumu.

Kwanza tujue kwa nini motokaa ina nyaya nene. Zamani motokaa iliwashwa kwa mkono, kwa kuzungusha mpini wa chuma mbele yake. Mwaka 1912 motokaa za Cadillac za Marekani zilianza kuuzwa zikiwa na stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, na tangu hapo betri ikabebeshwa mzigo mzito. Umeme wa nyumbani hutufikia kwa volti 230 hivi. Wa motokaa ni volti 12 tu, na wa malori mengi ni 24. Nguvu ileile ikitoka katika volti chache yataka ampea nyingi, na ampea nyingi zataka njia pana. Taa moja ya ndani huridhika na waya mwembamba. Stata ya motokaa ndogo yaweza kuvuta ampea 150 kwa muda wa kuwasha, na ya lori la dizeli hupita hapo mbali. Ndiyo sababu waya wa taa huwa wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, na wa betri ukawa wa 25, 35, 50 au zaidi.

Sasa tutazame kiungo kibaya hufanya nini. Chukua taa kubwa mbili za mbele, kila moja ya wati 55. Pamoja huvuta ampea 9 na kidogo. Kama kiungo kimoja katika njia yao kina ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, ambao ni mdogo hata vipimo vingi vya bei rahisi haviusomi sawasawa, basi karibu volti moja nzima hupotea palepale kiungoni. Mtu husema, "Volti moja katika kumi na mbili, si kitu." Lakini mwanga wa taa hizi za uzi haupungui kwa kadiri ya volti, hupungua kwa kasi zaidi, hata volti moja ikipotea hivyo takriban robo ya mwanga huondoka. Dereva ashukaye mteremko wa Kitonga usiku, nyuma yake abiria wamelala, amenyang'anywa robo ya macho yake na mtu aliyeunga waya siku nyingi zilizopita. Na ile nguvu iliyopotea haikutoweka. Imegeuka kuwa joto la wati 8 ndani ya kiungo kilichofunikwa kwa plastiki, nalo hukipika kila siku kidogo kidogo.

Kwa waya wa stata hesabu ni mbaya zaidi. Ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, ampea zikiwa 150, hula volti moja na nusu na kuzaa joto la wati 225 mahali pamoja. Stata hulia kwa unyonge. Mwenye motokaa huambiwa, "Betri yako imekufa," naye huenda akakopa fedha akanunua mpya, nayo ikalia vilevile baada ya majuma machache, kwa kuwa mgonjwa hakuwa betri. Basi nani atasema kwamba kuchagua chombo cha kuungia ni jambo la watoto?

Tuje katika kazi yenyewe. Wengi hudhani kazi ya chuma cha kulehemia ni kuyeyusha lehemu. Dhana hiyo ndiyo mama wa makosa yote. Lehemu ya kawaida, yenye sehemu 60 za bati na 40 za risasi, huanza kuyeyuka kwenye digrii 183 na kuwa maji kabisa ikikaribia 190. Hata chuma kidogo kabisa chaweza kuidondosha. Kazi ya chuma ni kuupasha moto waya wenyewe, nyuzi zake zote mpaka za katikati, hata waya ndio uiyeyushe lehemu. Lehemu iliyoyeyushwa na chuma ikadondoka juu ya waya wa baridi haishiki. Hukaa juu yake kama nta iliyodondoka juu ya jiwe. Kwa nje yang'aa, hata mteja hufurahi. Ndani nyuzi hazijaguswa.

Na shaba ya waya haikubali kupashwa moto kwa urahisi, maana hiyo ndiyo sifa yake: hupitisha joto kuliko madini karibu yote. Tufanye hesabu mbele ya macho ya msomaji. Tuseme twaunga nyaya mbili za milimita za mraba 10, zimelaliana kwa urefu wa sentimita 5. Shaba iliyopo hapo yakaribia gramu 9. Kuitoa kwenye digrii 25 na kuifikisha 225 kwataka jouli 690 hivi. Na wati moja ni jouli moja kwa kila sekunde. Lakini si hayo tu. Joto likiingia, nyaya hulikimbiza pande zote mbili. Ikiwa kiungo kina digrii 225 na mahali palipo sentimita 10 mbele bado pana digrii 25, kila waya huchukua wati 8 na kwenda zake nazo; mbili huchukua 16. Waya wa milimita za mraba 35 huchukua peke yake wati 28 katika hali hiyohiyo.

Msomaji ashike sasa kile chuma chembamba cha wati 30, kilichokusudiwa redio. Sehemu kubwa ya wati zake hupotea hewani hata kabla ya kugusa kitu, maana ndivyo kila chombo cha moto kilivyo. Masalio huwekwa juu ya waya wa 10, nao huyapokea kwa mkono mmoja na kuyatoa kwa mkono mwingine. Fundi hungoja. Dakika moja, mbili, tatu. Kiungo hakifiki, na kikifika hakijai.

Hapo ndipo mabwana wa subira hutoa mithali yao ya pili: "Haraka haraka haina baraka." Nami nawaambia kwamba katika lehemu mambo yamegeuzwa kichwa chini. Joto linalokaa muda mrefu halikai kiungoni, husafiri. Plastiki ya nyaya nyingi za motokaa imetengenezwa ili istahimili digrii 70 mpaka 105, kwa kadiri ya aina yake. Fundi anapongoja dakika tatu, ganda hulainika na kunywea kurudi nyuma, na pengine hupasuka ndani ya mfuko wa nyaya mahali asipopaona. Utomvu wa msonobari ulio ndani ya lehemu, ambao kazi yake ni kusafisha shaba, huungua ukawa mkaa kabla lehemu haijatiririka. Shaba yenyewe hupata kutu mpya kwa sababu ya moto, nayo lehemu haishiki juu ya kutu. Lakini chuma kikubwa chenye shaba ya kutosha huweka joto lake lote mahali pamoja kwa ghafula, lehemu ikatiririka katika sekunde chache, kikaondolewa kabla joto halijapata nafasi ya kutembea. Aliyeogopa kuunguza waya kwa chuma kikubwa ndiye aliyeuunguza kwa chuma kidogo. Haya si maneno ya mzaha. Mtu yeyote aweza kuyajaribu kwa vipande viwili vya waya na saa.

Wako wengine waliokwisha kukubali mpaka hapa, nao hukimbilia kosa jingine. Huenda dukani wakauliza, "Kipi kina wati nyingi?" wakaonyeshwa tarakimu kubwa, wakalipa. Hawa nao wamechagua kwa jicho moja.

Wati za chuma ni kama mshahara wa mtu. Uzito wa shaba iliyo kichwani ni kama akiba yake. Gharama ya arusi haingoji mshahara wa kila siku. Huja siku moja yote pamoja, na mwenye akiba ndiye asiyeaibika. Kugusa waya mnene ni arusi. Kichwa kidogo cha shaba cha gramu 5 kikishuka kutoka digrii 400 mpaka 250 hutoa jouli 290 hivi, basi, kimefilisika. Hakikufika hata nusu ya zile 690 tulizozihesabu. Kichwa cha gramu 100 kikishuka vivyo hivyo hutoa jouli 5,800 hivi. Zile 690 kikizitoa, joto lake hushuka digrii 18 tu, nacho chaendelea na kazi kana kwamba hakikuguswa. Jina lake chuma, lakini nguvu yake ni shaba.

Wahenga wa ufundi walilijua hili kabla ya umeme. Mafundi wa bati walitumia kichwa cha shaba kilichofungwa kwenye fimbo ya chuma, kikatiwa katika makaa. Hakikuwa na wati hata moja. Kilikuwa na akiba tupu. Kichwa cha nusu kilo kikishuka digrii 150 hutoa karibu jouli 29,000, kazi ambayo chuma cha wati 30 hakiwezi kuifanya kwa muda unaopungua dakika 16. Mwaka 1921 Mjerumani Ernst Sachs alianza kutengeneza vyuma vya umeme kwa ajili ya viwanda, chini ya jina la ERSA, na fundi akapumzika kukimbilia makaani. Kisha Mmarekani Carl Weller akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1946 kwa chombo chenye umbo la bastola, ambacho ukikivuta kidole hupata moto kwa sekunde chache. Chombo hicho kina sifa yake: wati zake huzidi 100, nacho huingia mahali pa kubana chini ya dashibodi. Lakini ncha yake ni waya wa shaba uliokunjwa tu. Ana mshahara mnono, akiba hana. Kwa waya wa milimita za mraba 4 atakusaidia. Kwa wa 16 atakuaibisha mbele ya mteja.

Basi mchaguaji atazame mambo haya kwa utaratibu. La kwanza, kichwa: kiwe cha shaba, kizito mkononi, chenye uso bapa kama patasi, maana ncha kali kama sindano hugusa waya kwa nukta moja tu, na joto halipiti katika nukta. La pili, wati zitoshe kuijaza tena akiba. La tatu, kichwa kiweze kufunguliwa na kubadilishwa, kwa kuwa kitalika. La nne, mpini usiungue mkono, na waya wa umeme uwe wa kustahimili kuguswa na moto.

Kwa kadiri ya kazi, mimi nashika kanuni hii. Nyaya za taa na vipimo, mpaka milimita za mraba 2.5, zatosheka na chuma cha wati 40 mpaka 60 chenye ncha bapa. Za 4 mpaka 6 zataka wati 80 mpaka 100, na kichwa chenye upana usiopungua milimita 6. Za 10 mpaka 16 zataka wati 150 mpaka 200, na kichwa cha upana wa sentimita moja au zaidi. Juu ya hapo nina neno jingine, nalo litafuata.

Tena chaguo lifuate mahali pa kazi. Chuma kilichoandikwa wati 100 kina wati 100 pale tu umeme ufikapo kwa volti zilizoandikwa. Nguvu hupungua kwa mraba wa volti: umeme wa 230 ukishuka ukawa 190, jambo lisilo geni mwisho wa mstari jioni watu wote wanapopika, zile wati 100 huwa 68 tu. Mrefusho wa waya mwembamba uliovutwa kutoka duka la jirani mpaka chini ya mwembe huongeza hasara. Kwa hiyo anayefanya kazi kando ya barabara achague chuma kinachozidi haja yake. Na mahali pasipo umeme kabisa asione haya kurudia kichwa cha shaba na makaa. Kisiachwe kuwa chekundu, kifutwe majivu, kipakwe bati upya, tena makaa yawe mbali na petroli. Mafundi wanaotengeneza vibatari kwa mikebe hawajakiacha chombo hicho, nao si wajinga.

Mshindani wangu atasema, "Maneno mazuri, lakini fedha ziko wapi? Chuma kidogo ni rahisi." Hoja hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, wala siijibu kwa dharau, maana wanagenzi wengi huanza kazi wakiwa na mfuko mtupu. Lakini tuhesabu kwa haki. Bei ya chuma hulipwa mara moja. Bei ya kiungo kibovu hulipwa na mwenye motokaa kila anaporudi, na fundi hulipa kwa siku aliyoifanyia kazi bure, na kwa jina lake. Tena chuma kidogo kinacholazimishwa kazi kubwa huachwa kikiwaka mchana kutwa, na ncha yake huliwa upesi. Asiye na uwezo wa kununua cha wati 150 aweza kumwendea mfua shaba akampa kipande kizito cha shaba kichongwe kuwa kichwa cha makaani. Anayelazimika kuchagua kimoja kati ya kizuri cha nje na kizito cha ndani, achague kizito.

Wako pia wanaosema kwamba dawa ni moto mkali: chuma kipandishwe digrii 480, yaishe. Nao wanakosea. Moto mkali bila akiba ni hasira ya mtu mnyonge. Huunguza utomvu na kuifanya ncha iwe nyeusi, kisha hupoa palepale ilipogusa. Ni kweli kwamba lehemu isiyo na risasi, ambayo imeenea tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vyombo vingi vya umeme Julai 2006, yataka moto zaidi, kwa kuwa aina yake itumikayo sana, ya bati, fedha na shaba, huyeyuka kwenye digrii 217 mpaka 220. Lakini hata hiyo yataka shaba nzito kabla ya kutaka digrii. Na aitumiaye lehemu yenye risasi asile chakula kabla hajanawa mikono, wala asiwaachie watoto mabaki yake. Risasi ni sumu isiyotoka mwilini upesi.

Neno moja juu ya dawa ya kusafishia. Ile tindikali iliyouliwa kwa zinki, ambayo mafundi bati huitumia, ni njema kwa ndoo na mbaya kwa waya. Hubaki kati ya nyuzi na kuzila, hata mwaka hauishi waya umekuwa wa kijani chini ya ganda. Kwa waya ni utomvu wa msonobari tu. Tena kabla ya kazi mshiko hasi wa betri uondolewe, na chuma cha moto kisikaribishwe kwenye betri inayojazwa, maana hutoa hewa ya haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche moja.

Sasa nalileta lile neno nililoliahidi, na yamkini litawashangaza walioanza kuwa upande wangu. Kwa nyaya za betri na stata, za milimita za mraba 25 na kuendelea, chaguo lililo bora ni kukiacha chuma cha kulehemia sandukuni. Waya huo uvikwe lagi ya shaba ya kipimo chake, ikabanwe kwa koleo la kubania lenye meno ya kipimo hichohicho, la mikono mirefu au la mafuta, hata nyuzi na lagi ziwe kama kitu kimoja. Viwanda vya motokaa hufanya hivyo, na sababu yake yaeleweka. Lehemu hunyonywa na nyuzi za waya kama mafuta yanyonywavyo na utambi. Hupanda ndani ya ganda, na mahali ilipopanda waya wa kunyumbulika umekuwa fimbo. Motokaa ikitikisika, na barabara zetu hutikisa kweli, waya hukatika mpakani mwa fimbo na nyuzi laini, uzi baada ya uzi. Tena kiungo kikichemka kwa ampea nyingi mpaka digrii 183, lehemu huyeyuka na kuuacha waya. Baraza la Marekani liwekalo kanuni za mashua, American Boat and Yacht Council, lilikwisha kuandika kwamba lehemu isiwe mshiko pekee wa waya katika njia yoyote ya umeme, isipokuwa lagi za betri zenye kina cha kutosha. Mashua na motokaa ni ndugu kwa kutikisika.

Huenda mtu akacheka, "Mwalimu amejipinga mwenyewe, alituambia tuchague chuma, sasa atuambia tukiache." Sijajipinga. Kuchagua ni pamoja na kujua mahali chombo kinapokoma. Anayekataa kuchagua ndiye hulehemu kila kitu kwa chuma kilekile, au hubana kila kitu kwa nyundo na msumari, akaita kazi hiyo kuwa ni uzoefu. Lagi iliyogongwa kwa nyundo ni mbaya kama kiungo kilichodondoshewa lehemu baridi, na mwenye kumwaga lehemu juu ya lagi iliyobanwa vibaya hakuitengeneza, ameifunika.

Hata hapo chuma kizito kitabaki na kazi nyingi: nyaya za alteneta za kadiri, viungo vya taa za lori, mikia ya matela, mahali pote ambapo waya wa 4 mpaka 16 waungwa katikati na kufungwa usitikisike. Hapo waya usokotwe kwanza hata ushikane bila lehemu, ndipo upashwe moto. Kisha uvikwe mpira unaonywea kwa joto, na ufungwe kwenye bodi pande zote mbili za kiungo.

Kwenu ninyi mnaofundisha nina malalamiko mahususi. Mara nyingi meza ya karakana ya shule huwa na vyuma ishirini vinavyofanana, vyote vya wati 30 au 40, vilivyonunuliwa pamoja kwa kuwa vilikuwa rahisi vikiwa vingi. Mwanafunzi hujifunza juu yake kuunga waya wa redio, akapata alama nzuri, kisha hupelekwa karakana ya malori. Huko hukutana na waya wa 16, akashindwa, akaambiwa mkono wake ni mzito na kwamba mchagua jembe si mkulima. Hakuna aliyemwambia kwamba jembe alilopewa ni la bustani na shamba ni la miwa. Ningependa shule ipunguze vyuma vitano katika hivyo ishirini, na kwa fedha hiyo inunue kimoja kizito, na koleo moja la kubania. Wanafunzi wazitumie kwa zamu. Kisha kila kiungo kilichokamilika kikatwe katikati kwa msumeno mbele ya darasa zima. Penye nyuzi nyekundu kavu ndani ya koti linalong'aa, kila mtoto ataona kwa macho yake jambo ambalo mithali ilimficha.

Mwenye hoja ya kunipinga ana haki yake, na kurasa hizi si zangu peke yangu. Namwomba tu asilete mithali. Alete kiungo cha waya wa 10 alichokiunga kwa chuma chake cha wati 30, tukikate pamoja, tukitazame ndani.